Peremende za Mwalimu Yashar

Wazo la peremende lilikuwa la Hatije, mkewe. Alisema watu wakiitwa na serikali hutetemeka, na wazee wa mtaa wa Kalburi walikuwa wametetemeka vya kutosha maishani mwao. Basi mumewe awape japo kitu kitamu cha kutia mdomoni. Mwalimu Yashar aliona ni wazo jema. Alikuwa mwepesi wa kuona wazo jema, na mzito sana wa kuona kilichojificha nyuma yake.

Kazi yenyewe aliletewa mwezi wa Februari na Ndugu Stamov, katibu wa Chama wa wilaya, ambaye alimfuata darasani baada ya vipindi, akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Hakuzunguka mbuyu. Waroma wote wa Kalburi, ambao wengine huwaita Wajipsi, Yashar mwenyewe akiwamo, walitakiwa wawe na majina ya Kibulgaria kabla ya Mei Mosi. Kusiwe tena na Hasan wala Emine kwenye daftari lolote la nchi. Katika mji wa jirani kazi hiyo ilifanywa na askari wenye mbwa. Watu wakakimbilia msituni penye theluji, na mtoto mmoja akapoteza vidole viwili vya mguu. Stamov hakuwapenda mbwa. Alichotaka ni mtu anayeaminiwa na watu akae mezani na orodha na kalamu, mambo yaende kistaarabu.

"Na wewe ni mtunzi," alimwambia. "Kutwa unawapa majina watu ambao hata hawapo. Hawa wapo. Itakuwa rahisi zaidi."

Kisha akakitaja kitabu. Riwaya ya Yashar ilikuwa mwaka wa nne sasa imelala Sofia, katika shirika la uchapishaji. Ilikuwa habari ya mama yake, Shefika, aliyezika watoto watatu kabla ya kumzaa yeye. Hakuna mtu wa Kalburi aliyewahi kuandika kitabu. Wengi hawakuwa wamewahi hata kumiliki kimoja. Yashar alishapeleka barua thelathini na moja kuuliza kazi yake imefikia wapi. Mhariri, Bi Velcheva, alijibu tano, na katika ile ya mwisho alimtaka aongeze sentensi kwenye sura ya tano, kuonyesha kuwa mila inayosimuliwa mle ni ya zamani na kwamba leo hakuna anayeifuata. Yashar akaiongeza. Sasa Stamov alikuwa anasema ana rafiki huko Sofia, na kwamba simu moja tu ingetosha kukiamsha kitabu.

Yashar alijiambia kuwa amekubali kwa ajili ya mbwa. Hilo lilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote, na yeye mwenyewe alilijua hilo tangu Stamov hajainuka pale kwenye dawati.

Hiyo sura ya tano ndiyo iliyokuja kumponza, kwa hiyo ni vizuri ijulikane mapema. Ilisema hivi. Mwanamke anayefiwa na watoto, akijifungua tena, humpeleka mchanga njia panda, akamlaza chini, akajificha. Mpita njia wa kwanza humwokota, humtamkia jina, na kwa mkono uleule humwekea kitu kitamu mdomoni. Mauti yakija kumtafuta mtoto wa yule mama hayamkuti, kwa sababu ameshakuwa mtoto wa mwingine. Mtu huyo aliyempa jina huitwa kirvo, na kirvo ni zaidi ya mjomba. Hupelekewa mkate siku ya sikukuu ya Herdelezi. Hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mtu wake. Na watoto wa kirvo ni ndugu wa yule aliyepewa jina, damu moja kabisa, kwa hiyo hawaoani. Yashar mwenyewe aliokotwa na Mturuki mmoja muuza halua, aliyemtia kipande cha halua mdomoni na kumpa jina ambalo kwa lugha yake ni la mtu aishiye. Naye akaishi. Aliyaandika hayo yote kwa kurasa thelathini, tena kwa ufundi mkubwa, hata Bi Velcheva akakiri kwamba alilia. Baadaye ndipo alipotaka ile sentensi.

Mwishoni mwa Machi meza iliwekwa darasani, chini ya ramani ya nchi. Kulikuwa na karani wa manispaa, askari mmoja aliyesinzia, orodha ya majina yaliyoruhusiwa, na mfuko wa peremende za waridi. Kila mtu alitakiwa kuchagua mwenyewe na kutia sahihi, au alama ya kidole, kwamba amechagua kwa hiari yake. Lakini watu walipofika mezani hawakuitazama hata hiyo orodha.

Wa kwanza alikuwa Mzee Raim, msukaji wa nyungo, aliyekuwa na mikono ya kutikisika. Alisimama mbele ya meza kofia ikiwa kifuani. "Chagua wewe, mwalimu," alisema. "Wewe ndiye umesoma. Mimi nikichagua nitajipa jina la mbuzi."

Basi Yashar akachagua. Aliamua kumpa kila mmoja jina linaloanza na herufi yake ileile, ili wanawake wasilazimike kufumua herufi walizotarizi kwenye mashuka na leso. Raim akawa Radoslav. Alilitamka jina polepole ili mzee alishike, akaliandika kwenye kikaratasi, na kwa mkono uleule akampa peremende. Mzee aliitia mdomoni palepale. Nyuma yake wakafuata wengine, na wengine, siku mbili mfululizo, na hakuna aliyekimbilia msituni. Yule askari mwenyewe aliomba peremende, akapewa.

Bibi Zarife, muosha maiti za wanawake wa mtaa, aliambiwa kuwa sasa yeye ni Zornitsa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema kwa umri wake lingemfaa jina linaloishia mapema, maana hana pumzi ya kufika mwisho wa hilo. Lakini peremende aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama Yashar kwa muda, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akaona mwenye nalo atakuwa analijua. Yashar alilikumbuka jicho lile baadaye. Wakati ule aliona ni uzee tu.

Wa mwisho siku ya pili alikuwa Sabri, mjukuu wa Bibi Zarife, fundi wa mashine katika kiwanda cha sufu. Huyu alikuwa mchumba wa Nadire, binti pekee wa Yashar, na harusi ilikuwa imepangwa Jumapili ya pili ya Mei. Kwa mkwe wake Yashar alipekua orodha nzima. Alimpa jina Svilen, linalonukia hariri, na peremende mbili badala ya moja.

Stamov alitimiza ahadi. Katikati ya Aprili bahasha nene ilifika kutoka Sofia, na ndani yake mlikuwa na riwaya nzima ikiwa imekwishapangwa kwa herufi za chapa, kurasa mia mbili na arobaini, ili mwandishi aisome mara ya mwisho, atie sahihi kila ukurasa, airudishe kabla ya mwisho wa Mei. Kitabu kingetoka vuli. Yashar alikaa kitandani na bahasha mapajani, na Hatije alipoingia akamkuta amefumba macho huku ananusa wino.

Barua ya Bi Velcheva ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba kwa kuwa nchini hamna tena raia wenye majina ya kigeni, haingependeza watu wa riwaya wabaki nayo peke yao. Kwa hiyo shirika limeyarekebisha. Yashar alifungua ukurasa wa kwanza. Pale alipoandika Shefika, palikuwa na Stefka.

Alikaa na jambo hilo siku nzima. Kisha akajiambia kwamba mtu hujulikana kwa matendo yake, kwamba Stefka alikuwa analia palepale Shefika alipolia na kuzika watoto walewale watatu, na kwamba kitabu chenye kasoro ni kitabu, lakini kitabu kisichokuwapo si kitu. Ulikuwa usemi wa mtu mwenye akili timamu. Akaanza kutia sahihi, kurasa chache kila siku baada ya kazi, na kila sahihi ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Herdelezi ilipofika, tarehe sita Mei, Yashar alifungua mlango asubuhi akakuta mkate mzima juu ya kizingiti, umefunikwa kitambaa cheupe. Pembeni yake mwingine. Kabla ya saa nne walikuwa wanapishana langoni: huyu na mkate, huyu na bega la mwana-kondoo, huyu na sahani ya mchele na maini. Wazee waliomzidi miaka thelathini walimwinamia na kuubusu mkono wake. Yashar alishikwa na haya, na furaha pia, tena nyingi. Alidhani wanamshukuru kwa kuwaepusha na mbwa. Jioni alimwambia mkewe kuwa watu hawa hawasahau wema. Hatije alikuwa anapanga mikate kwenye meza, kwenye viti, juu ya kabati. Alikuwa ameanza kuhesabu, na hesabu aliyoipata haikumpendeza.

Siku ya tatu alikuja Bibi Zarife. Alikuwa amebeba shali nyekundu, ileile ambayo ukoo wa Yashar uliupelekea ukoo wake siku ya uchumba, imekunjwa vizuri. Aliiweka mezani.

"Nimemrudishia kirvo wangu shali yake," alisema.

Yashar alicheka. Bibi hakucheka, na Hatije alikaa chini.

Alipoelewa, mwalimu alizungumza kwa muda mrefu, kama alivyozungumza na wakaguzi wa shule. Alisema ile ilikuwa kazi ya serikali, ya meza na karani. Alisema hakuna mtoto aliyelazwa njia panda. Alisema peremende ilikuwa ya dukani.

"Halua ya yule Mturuki nayo ilikuwa ya dukani," alisema Bibi Zarife. "Ulimtamkia Sabri jina?"

"Nilimtamkia."

"Ukampa utamu kwa mkono huohuo?"

"Bibi, mila hiyo haifuatwi tena."

"Nani kasema?"

Aliyesema ni Yashar mwenyewe. Sentensi yake ilikuwa imepigwa chapa ukurasa wa sabini na mbili.

"Sikia, mwanangu," bibi aliendelea, na sauti ilikuwa imelainika. "Sisi hatukuijua hivyo ulivyoijua wewe. Wengine tulishaanza kuisahau. Wewe ndiye uliyetukusanya humu ndani majira ya baridi, ukatusomea, ukalia mwenyewe ukisoma. Nikasema, tazama, mtoto wa Shefika ameyahifadhi yote. Siku ile mezani nilidhani umekusudia. Nilidhani unatufanyia kama mama yako alivyokufanyia, ututoe njia panda kabla watu wa serikali hawajatuokota. Mtaa mzima ulidhani hivyo. Na sasa Nadire ni dada yake Sabri."

Fedheha ilimpanda Yashar mpaka masikioni, kwa sababu kile walichodhani watu kilikuwa kikubwa kuliko alichokuwa amefanya.

Nadire aliyasikia yote akiwa jikoni. Hakupiga kelele. Alikwenda zamu yake kiwandani, akarudi, akala kidogo, akarudi tena kesho yake. Vijana wengi wa Kalburi wakikataliwa hutoroka pamoja, wakarejea baada ya juma moja wakasamehewa. Lakini kwa kaka na dada hakuna msamaha wa namna hiyo. Hakuna mwanamke mtaani ambaye angekula mkate uliokandwa na Nadire, wala ambaye angemshika mkono siku ya kujifungua. Sabri alikuwa amekuja mara moja tu, akasimama nje ya lango, akaondoka bila kubisha.

Kwanza Yashar alijaribu njia ya karatasi, kwani karatasi ndiyo silaha pekee aliyokuwa ameizoea. Alimwomba karani fomu ya Sabri, ile iliyosema kwamba mwenye sahihi amejichagulia jina mwenyewe kwa hiari. Akaipeleka kwa Bibi Zarife, akamsomea. Bibi alimwita mjukuu wake.

"Sabri, ulichagua?"

Sabri alimtazama mwalimu, akatazama chini. "Sikuchagua, bibi."

"Basi karatasi inasema uongo," alisema Bibi Zarife, akamrudishia. "Ungekuwa umetulazimisha tuoneshe kwa kidole kwenye orodha, ningesema sawa. Lakini njia ipo, mwalimu. Unaijua. Uliisoma ile jioni ukaipita haraka, mimi niliisikia."

Aliijua. Ilikuwa nusu ukurasa mwishoni mwa sura. Kirvo akitaka kujivua, husimama kwenye maji yanayotiririka mbele ya watu wote, akamwambia mtu wake mara tatu: sikukupa jina, sikukupa utamu. Yule mtu husukutua mara tatu na kutema. Ikishafanyika hivyo wanakuwa kama hawajawahi kukutana.

Jambo dogo la nusu ukurasa. Ila mwaka ule, kusimama hadharani na kusema kuwa majina yaliyotolewa mezani si majina, ni kumtemea mate Stamov na wakubwa wa Stamov. Na mtaani alikuwapo Ismet kinyozi, ambaye kila mtu alijua anapeleka habari, hata watu wakimtania dukani kwake: Ismet, andika vizuri, usije ukanikosea umri.

Yashar alirudi kwa zile kurasa. Zilikuwa zimebaki mia na themanini. Alisoma sura ya tano tangu mwanzo, kalamu mkononi. Stefka alimlaza mtoto njia panda. Stefka alijificha nyuma ya mti wa mlozi, akajiziba mdomo kwa mikono ili asimwite. Yashar alijaribu kumwona huyo mwanamke. Miaka yote aliyoiandika sura hii alikuwa anamwona mama yake waziwazi, hadi ukucha uliovunjika. Sasa alimwona mwanamke wa kwenye bango la mavuno, kitambaa kichwani na mashavu mekundu. Aliiweka kalamu chini. Hata hivyo hakuwa amekata shauri. Mtu hatupi miaka kumi na minne ya kazi kwa sababu ya kitambaa cha kichwani, na ninayesimulia siwezi kumlaumu.

Nadire aliingia kuchukua taa. Alizitazama kurasa zilizotandazwa, akamtazama na baba yake.

"Ulipokuwa unaandika ulikuwa unatuambia tunyamaze," alisema. "Mimi na mama tulikuwa tunatembea kwa vidole vya miguu humu ndani. Miaka yote hiyo nilinyamaza, baba, wala sikuona taabu. Sasa nakuomba wewe useme."

Jumapili iliyofuata, ile ambayo ingekuwa ya harusi, mtaa ulikusanyika kwenye bomba la mawe, mahali wanawake wanapochotea maji. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Yashar alivaa koti lake la kufundishia. Alikuwa amepanga kumaliza haraka: aseme na Sabri peke yake, kwa sauti ya chini, na Stamov akiuliza ajibiwe kuwa ilikuwa shughuli ya ndoa, mambo ya kizee, ya kifamilia. Kwa mtu mmoja katibu angeweza kujitia hamnazo. Kwa mtu mmoja, pengine hata Sofia wasingejua.

Sabri akasogea. Yashar alisema, "Sabri, sikukupa jina, sikukupa utamu." Alisema mara tatu. Kijana akakinga maji kwa viganja, akasukutua, akatema mara tatu kwenye mawe. Bibi Zarife akaipokea shali nyekundu kutoka kwa Hatije, akaikunjua, akamtupia Nadire mabegani, na wanawake wakapiga vigelegele. Basi yakawa yamekwisha. Yashar akageuka aende zake.

Mzee Raim alikuwa amesimama mbele yake, kofia kifuani.

"Na mimi, mwalimu," alisema. "Nisafishe mdomo."

Nyuma ya Raim alikuwapo mke wake, na nyuma ya mke wake jirani yao, na nyuma ya jirani watu walikuwa wanajipanga bila kuambiwa, kwa mpangilio uleule wa siku ya meza, kila mmoja akikumbuka alikuwa nyuma ya nani. Foleni ilifika kwenye duka la Ismet na kukata kona. Ismet mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni.

Yashar alielewa vizuri kabisa. Alikuwa bado anaweza kuondoka. Angesema kichwa kinamuuma, angesema kesho, na watu wangemwachia apite, kwani walikuwa wanampenda na walijua ana kitabu. Aliogopa, tena sana. Alifikiria wino aliounusa kitandani. Kisha akamtazama yule mzee na mikono yake ya kutikisika, aliyeombwa achague jina akaogopa kujipa la mbuzi.

"Raim," alisema, na sasa hakushusha sauti. "Sikukupa jina, sikukupa utamu."

Ilichukua mpaka alasiri. Alimwita kila mtu kwa jina lake, lile alilozaliwa nalo, mara tatu, na mengine hayakuwa yametamkwa hadharani tangu Machi. Kwa wale ambao walikuwa wanafunzi wake aliyasema kama anavyoita mahudhurio, na wao wakaitikia vilevile: nipo. Bibi Zarife alipofika zamu yake alisema kuwa hilo jina lingine lilikuwa limeanza kumnogea, akatema kwa nguvu kuliko wote. Hatije alileta maji ya kunywa, kwa sababu sauti ya mumewe ilikuwa inakatika. Wa mwisho kabisa, wakati wengine wameanza kuondoka, alikuwa Ismet kinyozi. Alisogea akitazama pembeni. Yashar alimwambia maneno yake mara tatu, naye akasukutua, akatema, na jioni ileile akaenda kutoa taarifa kama kawaida, akiwataja wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumatatu Stamov hakujibana kwenye dawati. Alisimama mlangoni na hakuvua kofia. Alisema heri angewatuma wale mbwa tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye mpumbavu. Hakuonekana na hasira sana. Alionekana kama mtu atakayeulizwa maswali na watu wanaomzidi cheo. Serikali haikubadilisha jina hata moja kwenye vitambulisho. Zornitsa alibaki Zornitsa na Radoslav alibaki Radoslav, na alipokufa miaka miwili baadaye ndivyo alivyoandikwa. Yashar aliondolewa darasani, akapewa kazi ya kutia makaa kwenye tanuri la shule ileile, chini ya darasa lake, ambako kupitia dari alikuwa anamsikia mwalimu mgeni akikosea mafumbo ya hesabu.

Nadire na Sabri walifunga ndoa mwezi wa Juni. Ofisa wa manispaa aliwasoma Nadezhda na Svilen, na ukumbi mzima ukageuka kutazama mlangoni kuona hao ni nani, mpaka Hatije akamsukuma binti yake kwa kiwiko asimame. Halafu walikwenda mtaani, wakaoana sawasawa, kwa zumari na ngoma, siku tatu.

Kurasa zilikuwa zimeshatumwa wakati huo. Barua ya Sofia ya kusitisha kitabu ilifika tarehe ishirini na nane Mei, siku tatu kabla ya ile tarehe ya mwisho. Yashar aliisoma mara moja, akaiweka chini ya sahani. Kisha alichukua wino wake mwekundu wa kusahihishia madaftari, akakaa mezani siku mbili, akapitia kurasa zote mia mbili na arobaini. Kila penye Stefka alikata, akaandika pembeni Shefika. Sentensi ya ukurasa wa sabini na mbili aliifuta kwa mstari mmoja. Alitia sahihi kila ukurasa, hata zile ambazo alikuwa ametia kabla, na sahihi zilikuwa kubwa. Hatije alimuuliza anahangaika kwa ajili ya nani. Alisema ameambiwa arudishe kabla ya mwisho wa mwezi, naye tangu aanze kufundisha hajawahi kuchelewesha masahihisho.

Siku ya mwisho mikono yake ilikuwa myeusi kwa makaa, kwa hiyo bahasha iliandikwa na Nadire, naye ndiye aliyeipeleka posta. Karani wa dirishani aliigeuza, akasoma jina la mtumaji, Yashar, akafungua daftari la wakazi, akapitisha kidole juu chini.

"Hakuna mtu wa jina hili," alisema.

"Yupo," alisema Nadire. "Ni baba yangu. Nimemwacha nyumbani sasa hivi, anakula maharage."

Karani alimtazama. Nyuma ya Nadire palikuwa na foleni, nusu yake watu wa Kalburi, na wote walikuwa wanasubiri. Karani alilamba stempu, akaibandika, akagonga mhuri.